Mwanamke Asiye na Jina kwenye Chati ya Ukoo

Ndugu zangu wanachuo, Upareni kulikuwa na mwalimu mmoja mwenye nywele za kahawia, na hizo nywele zilimpa jeuri. Miaka minane aliandika barua Uingereza, kwenye makanisa yanayotunza vitabu vya ubatizo, mpaka akampata baba mzazi wa bibi yake, Mwingereza aliyekuwa meneja wa shamba la mkonge. Nyuma ya meneja akapanga wanaume sita: mhunzi, karani, muuza siagi, na kadhalika. Akawachora kwenye chati, akaitundika sebuleni. Watoto wake hawakuonja chakula kabla ya kuyakariri majina hayo.

Ikafika siku ndugu wa huko Uingereza, mama mmoja mstaafu, akaja kuwaona. Kiswahili alikuwa amejifunza mwaka mzima kwa ajili ya safari hiyo. Mwalimu akanunua kochi jipya. Bibi yake, mzee wa miaka tisini, mnusa ugoro na mtembea pekupeku, akaambiwa akae jikoni, eti maongezi yasimchoshe. Mnacheka? Ngojeni.

Mgeni akaisoma chati kwa furaha, kisha kidole chake kikasimama kando ya jina la meneja, palipoandikwa "mwanamke mwenyeji".

"Huyu mama aliitwa nani?"

Mwalimu akajitetea kwamba vitabu vya Uingereza havikumtaja.

"Nakuuliza wewe. Hakuna mtu hai aliyemjua?"

"Hakuna. Wote wametangulia."

Pazia la jikoni likasogea. Bibi akaja mpaka katikati ya sebule, akamwita mjukuu wake kwa utani wa siku zote, ila siku hiyo utani haukuwa na kicheko.

"Mume wangu, mimi nilikufa lini? Mbona hukunilia?"

Akamgeukia mgeni, akamwambia mama yake aliitwa Nakijwa, alikata mkonge mpaka viganja vikachanika, akalala njaa ili bintiye afike darasa la pili. Mgeni akainuka, akamsogezea nafasi kwenye kochi, akaomba kalamu. Nyumbani kwa mwalimu mwenyewe, aliyemwinukia bibi yake alikuwa mgeni.

Sasa mbona mmenyamaza, ndugu zangu? Nani kati yetu hapa chuoni hajawahi kumficha mtu wake? Siku ya mahafali, si wewe uliyemwambia mama asimame pembeni na khanga yake, picha zisiharibike? Si mimi niliyeulizwa yule ni nani, nikajibu ni jirani? Tunamwita Mungu Baba kwa sauti kubwa, na aliyetubeba mgongoni tunamkana mbele ya wageni. Halafu tunarudi nyumbani likizo, tunanawa mikono, tunakaa mezani. Tumewazika watu wakiwa hai, na chakula wanachotupikia tunakila.