Salamu ya Kwanza ya Mkongo

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, Jumanne saa tatu na dakika kumi asubuhi, jembe la kwanza lilizama ardhini huko Rungwe. Redio ya kijiji ilikuwa ng'ambo moja ya bonde, ukumbi wa kwaya ng'ambo ya pili, mita elfu moja na mia nane kati yao, na kijiji kilitaka kwaya isikike redioni. Waya wa kawaida wa mtandao huchoka baada ya mita mia moja. Mkongo hauchoki: ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Kisanduku cha huku hugeuza sauti kuwa mwanga, cha kule huurudisha kuwa sauti.

Mwenyekiti akatangaza: "Atakayeivusha sauti bonde hili, salamu ya kwanza redioni ni yake."

Tusajigwe, fundi aliyemaliza chuo kikuu mwaka ule, aliitaka salamu hiyo hadi usingizi ukamkimbia. Bibi yake, mwenye miaka tisini na moja, haoni tena. Dunia yake ni redio. Kila siku humwambia, "Miaka minne umesomea waya, mjukuu wangu. Nitaamini nikikusikia humo."

Ambakisye, mchimba mitaro wa kijiji, naye aliitaka, akachimba. Siku tisini akachimba, akila ndizi za kuchemsha akiwa amesimama. Mtaro ukafika shambani kwa Mama Sekela, ukakwama: chini ya migomba ile walizikwa wazazi wake. Kuzunguka kungehitaji mita mia nne zaidi, na akiba ya mkongo ilikuwa mita hamsini. Mama Sekela akaombwa ruhusa. Kesho yake akamwaga maji shinani, akanong'ona na wazazi wake, akasema, "Piteni. Ila mzizi usikatwe."

Mkongo ukalazwa. Kwaya ikaimba ukumbini, redioni kimya.

"Ndiyo chuo kikuu hicho?" Ambakisye akatania. "Jogoo wangu anafika mbali zaidi!"

Tusajigwe akakagua kila ncha ya mkongo kwa darubini ndogo. Akakuta vumbi, chembe isiyoonekana kwa macho matupu. Akaifuta kwa spiriti, akachomeka. Kwaya ikajaa studio.

Hapo ubishi ukaanza: salamu ni ya nani?

"Bila mimi," alisema Ambakisye, "uzi ungekuwa bado stoo."

"Bila mimi," alisema Mama Sekela, "mtaro ungeishia kwenye migomba yangu. Wewe ulitoa jasho, mwanangu. Mimi niliwaamsha baba na mama."

"Bila mimi," alisema Tusajigwe, "kwaya ingeimbia ukuta." Kisha akaongeza, "Lakini vumbi niliingiza mimi. Nilifungua vifuniko vya ncha mara kumi na moja, kuhakikisha ni safi."

Mama Sekela akacheka hadi akaketi chini. "Yaani hofu yako ilichafua, na hofu yako ikasafisha!"

Mwenyekiti akakuna kichwa. "Nipeni hadi kesho."

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Tusajigwe alifika ukumbini peke yake. Hakufungua kifuniko hata kimoja. Aliwasha maikrofoni. Ng'ambo ya bonde, redio ilikuwa sikioni mwa bibi.

Hakusalimia. Aliuliza tu: "Ndugu wasikilizaji, mmoja alichimba, mmoja aliruhusu, mmoja alichafua akasafisha. Je, nani alistahili salamu ya kwanza?"

Nanyi mnaonisikiliza, jibuni. Na mkishajibu, niambieni: swali lile lililovuka bonde, lilikuwa salamu au halikuwa?