Nywele Nyeupe Mizizini mwa Mtama

Zamani hizo, wajukuu zangu, udongo ulikuwa haujaota nywele, na mtama uliishi kwa mizizi yake mitupu. Mzizi ulikunywa maji vizuri, lakini chuma cha ardhini ulikipita kama kipofu apitaye mlangoni kwa nduguye. Ndiyo maana mashamba mengi ya milimani yalikuwa manjano, jani limepauka, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani.

Mbonea aliolewa kwenye nyumba yenye shamba la namna hiyo. Mama mkwe wake alisimama ukingoni, akauliza, "Mkwe wangu, hapa umepanda mtama au umeanika majani ya migomba?" Mawifi wakacheka. Mbonea alijua kitakachofuata: mwanamke aliyekataliwa na shamba hurudishwa kwao.

Mama yake, Namkunda, kichwa cheupe pe, alikuwa mchekecha mchanga. Maisha yake yote aliinama mtoni na kipande cha kibuyu, akitenga mchanga mweusi wa chuma kwa ajili ya wahunzi. Alipopata habari za binti yake, akaanza kupanda mlima kila alfajiri, akiufukia mchanga ule shambani kwa binti yake, kiganja kwa kiganja, shina kwa shina. Hakuomba kitu ila kibuyu cha togwa. "Mgongo ukionja utamu, mwanangu, unasahau umri."

Mtama ukawa kijani kibichi. Mama mkwe akaacha kejeli, akasifu. Na sifa, wajukuu zangu, hulewesha kuliko pombe. Mbonea akaanza kumwonea haya yule mama mwenye tope magotini. Asubuhi moja, wageni wa mumewe wakiwa njiani, akamzuia mpakani mwa shamba.

"Mama, leo usiingie. Utanichafulia."

"Na togwa?"

"Ni ya wageni."

Namkunda akautua mzigo wake wa mchanga pale pale mpakani. "Haya," akasema. "Mwenye mtoto aliyeshiba hana njaa." Akateremka. Siku ya tatu walimkuta mtoni, amekufa vile vile alivyozoea kuinama.

Kwa desturi yao, mama akifa hunyolewa, na binti huzizika nywele katika shamba analolima. Mbonea alizizika akilia, kilio kisichomfaa mtu tena.

Msimu uliofuata alipanda bila tumaini, na mtama ukaota kijani. Akachimba shina moja kwa vidole. Mizizi ilikuwa imekumbatiwa na nyuzi nyeupe, nyembamba, zilizotambaa udongoni hadi kule mpakani, kwenye ule mzigo uliotuliwa. Zilikuwa zinaubeba. Na utamu wa mzizi zilikuwa zinajinywea zenyewe. Mama hakuomba togwa tena.

Mbonea akakimbia nyumbani, akaja na kibuyu cha togwa kilichojaa, akamimina chote. Udongo ukanywa kama unywavyo maji ya kunawia, bila kusema asante.

Na tangu siku hiyo nyuzi hizo huishi na mizizi, huuletea mtama chuma, nao huzinywesha utamu wake. Anayelichoma shamba, akalipindua na kulifagia kama ua wa nyumba, huzikata, na majani yake hurudi manjano. Mbonea yeye alipalilia kwa vidole hadi uzeeni. Kila watu waliposimama ukingoni kumsifia mtama wake, aliinamisha kichwa, akasogea mbali nao.