Nyimbo Tatu Nyuma ya Pazia

Wapendwa, kabla sijagusa somo la leo, niruhusuni niwapeleke kwenye usharika mmoja ambao hamtauona kwenye ramani, kwa sababu nimeutunga mwenyewe. Lakini mkifika huko mtakuta mabenchi yake yanafanana na haya mliyokalia.

Katika usharika huo kulikuwa na mama mmoja mpiga kinanda. Alikuwa amepiga kinanda kilekile kwa miaka ishirini na sita. Naomba mkione vizuri, kwa kuwa hakikuwa kama hivi tulivyovizoea. Kilikuwa cha mbao, kizito, cha kubebwa na wanaume wanne wenye nguvu. Ndani yake kulikuwa na mota, na mota ile ilizungusha magurudumu madogo ya chuma tisini na moja, kila moja na meno yake pembeni. Kila gurudumu lilizunguka mbele ya sumaku yake, na sauti ilizaliwa katika kuzunguka huko. Chuma kisipozunguka, hakuna wimbo.

Kukiwasha kulihitaji subira. Kulikuwa na swichi mbili. Ya kwanza unaishikilia na kuhesabu mpaka nane, magurudumu yaamke taratibu, ndipo unabonyeza ya pili. Yule mama alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti, na wageni waliokaa mbele walidhani anaomba.

Kilikuwa na kasoro zake pia. Kilinguruma kidogo hata kabla hajakigusa. Kila kidole kilipoteremka, sauti ilitanguliwa na mlio mdogo, tk, kama ukucha juu ya meza. Waliokiunda walijaribu kuuondoa mlio ule wakashindwa, na watu wakaishia kuupenda.

Sasa, mwaka mmoja, Mkristo mmoja mwenye moyo mzuri akauletea usharika kinanda kipya. Hiki unakibeba kwapani. Ndani hakuna hata gurudumu moja, kuna hesabu tu, kama zilivyo ndani ya simu zenu. Lakini waliokitengeneza hawakuwa watu wa mchezo. Walikuwa wamekaa na vinanda vya zamani vya aina ileile, wakapima kila gurudumu, wakapima ule mngurumo, wakapima ule mlio wa tk, wakapima hata sauti inayovuja kutoka gurudumu moja kwenda la jirani yake. Yote wakayaweka humo.

Fundi aliyekuja kukifunga akamwita mama akamwonyesha.

"Hapa, mama, unachagua umri."

"Umri wa nani?"

"Wa kinanda. Unataka kisikike kipya kabisa, cha miaka ishirini, au kilichochoka?"

Mama akacheka. "Mwanangu, nyumbani kwangu kuna mzee aliyechoka bila hata kubonyezwa. Haya, weka kama changu."

Fundi akaweka. Mama akapiga beti mbili, akaondoa mikono haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Ilikuwa ileile. Mngurumo ulikuwepo, na tk ilikuwepo.

Wazee wakaamua kipya kijaribiwe. Kile cha magurudumu kikasukumwa nyuma ya pazia, pembeni ya madhabahu, na kwa miezi miwili hakuna aliyekigusa. Ibada zikaendelea. Watu waliimba vizuri, tena wengine walisema kwaya imeinuka. Lakini Jumapili ya tatu, katikati ya wimbo wa toba, yule mama akashtuka. Alikuwa amesahau amekalia kinanda kipi. Ikambidi aangalie chini, avione vidole vyake viko juu ya nini. Hakumwambia mtu. Ila tangu siku ile hofu ikamwingia, na hofu ya namna ile haina mlango wa kutokea.

Miezi miwili ilipokwisha, mwenyekiti wa wazee akamwita.

"Mama, sisi hatutaki ugomvi na wewe," akasema. "Kile cha zamani kinakula nafasi. Mnunuzi wa vyuma chakavu yuko tayari kuja Jumatatu. Lakini tusikuonee. Jumamosi fundi atapiga nyimbo tatu nyuma ya pazia, na wewe utakaa hapa mbele na kusikiliza. Ukikitambua chako, kinabaki. Usipokitambua, utukubalie kiende."

"Na nikikitambua, hamtanirudia tena na habari hizi?"

"Mpaka tunakuzika, mama."

"Basi nizikeni polepole," akasema, na wote wawili wakacheka.

Niambieni, mngeogopa nini mngekuwa yeye? Mngeogopa kukosa kinanda? Mimi nadhani hofu yake ilikuwa mahali pengine. Wiki ile alianza kuyaogopa masikio yake. Akiosha vyombo, akisikia friji ya jirani inanguruma, anasimama na bakuli mkononi kujiuliza kama mngurumo ule ni wa kweli. Ijumaa hakula. Alijua kwamba kama hawezi kutofautisha, basi miaka ishirini na sita hakujua alichokuwa anakipenda.

Jumamosi ikafika, saa nne asubuhi. Vinanda vyote viwili vilikuwa nyuma ya pazia, vimeunganishwa na spika moja, ili spika isitoboe siri. Mama akakaa benchi la kwanza. Mwenyekiti akakaa karibu yake, karatasi na kalamu mkononi. Nyuma yao walikaa akina mama wa kwaya, waliokuja kumshangilia mwenzao.

Fundi alichelewa kuanza. Walisikia anahangaika na kitu kule nyuma, kisha kimya, kisha wimbo wa kwanza.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Kipya," akasema.

Mwenyekiti akaandika. Wimbo wa pili ukaanza, wimbo wa jioni, ule tunaouimba tukimsindikiza marehemu. Ulipofika ubeti wa pili, mama akafunika uso kwa kanga. Mabega yakatikisika. Wimbo ulipoisha akajifuta macho. Akanyoosha mkono kuelekea pazia.

"Hicho hapo," akasema. "Hicho ndicho changu. Ningekijua hata ningekuwa kaburini."

Akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akawanyamazisha kwa kalamu. Wimbo wa tatu ukapigwa, na mama, sasa ana amani, akasema, "Kipya tena."

"Haya, fundi," mwenyekiti akaita. "Toka utuambie."

Fundi hakutoka. Wakamngoja. Mwenyekiti akaita mara ya pili, ndipo pazia likafunguka, na yule kijana akatoka anapangusa mikono kwa kitambaa, hamtazami mama usoni.

"Mniwie radhi," akasema. "Nyimbo zote tatu nimepiga kwenye kipya."

"Zote?"

"Cha zamani hakizunguki. Nimeshikilia swichi ya kwanza, nimehesabu nane, nimehesabu ishirini. Mota inajaribu, magurudumu yameganda. Nilitaka kuja kuwaambia, lakini nilichungulia nikaona mmeshakaa, na mama amefumba macho. Nikaogopa."

Wapendwa, hebu tusimame hapo kidogo. Mama amelia kwa ajili ya sauti ya kitu ambacho hakikuwa kinatoa sauti.

Mwenyekiti ndiye aliyeuliza kimeganda kwa nini. Fundi akanusa kitambaa chake.

"Mliweka mafuta gani humu?"

Mama na mwenyekiti wakatazamana. Kinanda kile hunyweshwa mafuta mara moja kwa mwaka, mafuta mepesi ya aina yake peke yake, ambayo hupita kwenye nyuzi za pamba na kufika kwenye kila gurudumu. Mwaka uliotangulia mafuta hayo yalikuwa yameisha, na kuyaagiza kulichukua miezi. Basi mwenyekiti akaleta chupa kutoka chumba cha mavazi. Ilikuwa ya mafuta ya zeituni, yale yaliyoombewa, tunayowapaka wagonjwa. Akasema, mafuta gani yatashinda haya? Mama akakubali. Wakaomba pamoja, wakamimina.

Naona mnacheka. Msiwacheke sana. Walimimina kwa upendo, na mimi sijui ni vitu vingapi nimeviua kwa upendo bila kuuliza vinahitaji nini.

Fundi akawaeleza. Mafuta yale hugeuka gundi. Kilipokuwa kinawashwa kila wiki, magurudumu yalipata joto na gundi ikalegea. Kilipoachwa miezi miwili, ikakaza.

"Mngekuwa bado mnakitumia," akasema, "kingepiga kelele mapema. Kingelia vibaya kwenye ibada, mngeona aibu, mngeniita. Ningeziosha zile nyuzi, yakaisha. Sasa sijui."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Aliona jinsi mama alivyoinama, akatafuta neno la kumfariji, na lililokuja ni hili:

"Mama, usiumie. Kama hata wewe umetoa machozi, sisi tumepoteza nini?"

Mama akafikiri.

"Sijui tumepoteza nini, mzee wangu," akasema. "Hiyo ndiyo inayonitisha."

Mnataka niwaambie kama kilizunguka tena. Fundi alikifungua, akapiga magoti, akaanza kuchomoa nyuzi moja moja. Mimi nimemwacha hapo, amepiga magoti. Sijui zaidi.

Ninachojua ni kwamba swali la mwenyekiti limenikaa kooni wiki nzima, kwa maana ni swali zuri. Na sitaki mtoke hapa mkisema mchungaji amekisema vibaya kinanda kipya. Sina ugomvi nacho. Kilikuwa kizuri, kiliwaimbisha watu, machozi ya yule mama yalikuwa machozi ya kweli. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo si lake: kilikuwa kizuri kiasi kwamba kile kingine kilipokufa, hakuna aliyesikia kimya.

Sisi je?

Sisi tuliokaa humu miaka ishirini na sita, thelathini, arobaini. Tumekwisha kuweka kila kitu kwenye hesabu. Tunajua ni wapi katika sala mtu anaguna. Tunajua wimbo upi unatutoa machozi, na ubeti upi. Mimi najua mahali pa kushusha sauti nikiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na sauti inashuka yenyewe, hata siku ambazo moyo wangu uko sokoni. Nyumbani tunasema "nakupenda" na "nimekusamehe" kwa mngurumo uleule wa zamani, na ile tk yake ipo, na hata uchovu tunauchagua kadiri unavyopendeza. Mke anaitika. Mume anaitika. Mchungaji anafurahi. Simnyooshei mtu kidole. Nauliza tu: kama kile kilichokuwa kinazunguka ndani yetu kingesimama, nani angetuambia? Tungejuaje? Tungekuwa na sababu gani ya kwenda kutazama nyuma ya pazia, na wimbo unaendelea vizuri hivi?

Nilipokuwa kijana niliogopa kwamba siku moja nitakaa kuomba na maneno yasije. Leo naogopa kinyume chake. Naogopa kwamba yatakuja daima. Ile siku ambayo huwezi kuomba, ile Jumapili ambayo wimbo unakukwama kooni na unatoka nje ukiwa na aibu, usiikimbie, ndugu yangu. Hiyo ni kelele ya chuma kinachoomba kuoshwa. Aibu hiyo bado ni uhai. Wa kumhurumia ni yule ambaye hakuna kinachomkwama tena, na mtu huyo, kwa kadiri ninavyojua, huenda ni mimi.

Na Mungu hakukaa benchi la mbele na karatasi na kalamu, anabahatisha kipi ni kipi. Hasubiri nyimbo tatu. Yeye yuko upande ule mwingine wa pazia tangu mwanzo, karibu na kile kilichoganda, na anajua ni tangu lini. Hilo linanitisha kuliko yote niliyosema. Ndilo pia tumaini pekee nililonalo la kuwapa asubuhi hii, kwa sababu aliye karibu na kitu kilichoganda anaweza kukifungua.

Kwa hiyo hatutajaza nafasi inayokuja. Nimekwisha kumwomba mwalimu wa kwaya, na mpiga kinanda wetu amezima. Tutasimama kimya kwa muda ambao utatuchosha. Usitafute neno zuri. Usikohoe ili kusaidia. Kama ndani yako husikii kitu, usiweke kitu mahali pake. Mwambie Bwana hivyo hivyo, kwamba husikii kitu, na ubaki hapo.

Simameni, wapendwa. Na mtu yeyote asianzishe wimbo.