Shikamoo ya Mlimani

Paukwa! Pakawa! Pakawa milima iliyobebana mgongoni, pakawa zimwi lililomeza wapita njia, na pakawa Ndeshi, mwanamke aliyejua kuwavusha watu kwa siku tatu.

Ndeshi akamvusha bibi harusi. Siku ya kwanza zimwi likanguruma kwa mbali.

"Mama, tutaliwa!"

"Tembea, mwanangu. Pole pole."

Siku ya pili likanguruma karibu.

"Tembea, mwanangu. Pole pole."

Siku ya tatu, hilo hapo! Limeziba njia, miguu kama magogo, kinywa wazi.

Mimi ningetimua mbio, na nyie msinidanganye. Ndeshi akapiga goti, adabu tupu.

"Shikamoo, babu."

Zimwi halijapata kuamkiwa tangu lizaliwe. Likachekelea.

"Marahaba, mjukuu wangu!"

Ndeshi akasimama, akajikung'uta vumbi. "Nimesema naishika miguu yako, babu, nawe umeridhia."

Papo hapo miguu ikashikwa na ardhi. Zimwi likavuta, likavuta, likavuta, wapi! Bibi harusi akapita chini ya kwapa lake, akaenda kuolewa.

Zimwi lipo pale hadi leo. Ukipita, liamkie. Haliitikii tena.