Ukurasa wa Mtoto wa Pili

Mwanamke mmoja alikuwa na mimba ya watoto wawili, na furaha yake ilikuwa kubwa kuliko tumbo lake. Jina lake Minza. Alikuwa amekaa miaka sita katika ndoa bila kushika mimba, akavumilia maneno ya watu na kimya cha mumewe. Siku daktari wa hospitali ya wilaya alipomwonyesha kwenye mashine mioyo miwili ikidunda, alicheka mpaka daktari naye akashindwa kujizuia. Kwao pacha anayetangulia huitwa Kulwa na anayemfuata huitwa Doto, awe wa kiume au wa kike, kwa hiyo watoto wale walikuwa na majina kabla hawajaonwa na mtu.

Minza alitamani kujifungua kwa njia ya kawaida. Hakuudharau upasuaji, maana dada yake alizaa hivyo na mtoto yu mzima. Lakini alikuwa amengoja miaka sita, na kazi hii alitaka kuifanya kwa nguvu zake mwenyewe mpaka mwisho. Daktari akapima, akaona Kulwa ametanguliza kichwa, akakubali kwa sharti moja: azalie pale hospitalini, karibu na chumba cha upasuaji, na mipango yote iwekwe mapema.

Basi Minza akanunua daftari. Jamani, mtu aliyengoja sana akipewa kalamu! Ukurasa wa kwanza aliuandika juu yake KULWA, akaujaza mpaka pembeni. Nani atasimama kichwani pake wakati wa uchungu. Khanga zipi zitampokea mtoto, na kwamba zifuliwe mara mbili na kupigwa pasi. Nani atampigia simu baba, na baba atampigia nani. Wifi yupi ataanza vigelegele, kwa kuwa mawifi walikuwa watatu na kila mmoja alidai sauti yake ndiyo nzuri. Kisha akafungua ukurasa wa pili, akaandika DOTO, na chini yake akaandika neno moja: vilevile.

Mkunga wa zamu ya kliniki alikuwa mama mtu mzima aliyeitwa Leokadia. Aliusoma ukurasa wa kwanza akitabasamu. Alipofika wa pili akauliza mbona ni mfupi hivyo. Minza akamjibu kwa kicheko kwamba yote yameshaelezwa kwa Kulwa, na mlango ukishafunguliwa na wa kwanza, wa pili atapita tu. Leokadia akachukua kalamu. Alipiga mstari chini ya neno lile, akamrudishia daftari lake.

Siku ikafika. Minza aliingia hospitali alfajiri akitembea kwa miguu yake, mama mkwe wake Nyanzobe nyuma yake na mafurushi mawili ya khanga, moja la Kulwa na moja la Doto. Mawifi walikaa kwenye benchi nje ya wodi, wakikohoa kidogo kidogo kusafisha koo. Uchungu ukaja kwa mpango, ukapanda kwa mpango, na kila kilichoandikwa kikatimia mstari kwa mstari. Saa nne asubuhi Kulwa alizaliwa, mtoto wa kike, na kilio chake kilisikika mpaka dirisha la dawa.

Ee, siku ile! Wifi aliyechaguliwa akapasua kigelegele, na wale wengine hawakungoja ruhusa. Masalu, baba wa mtoto, alikuwa tayari kwenye simu, na nyumbani mbuzi alikuwa tayari chini ya kisu. Nyanzobe akamtwaa mjukuu, akamfunga khanga zake. Kisha furaha ikampanda kichwani, akaona hazitoshi, akafungua furushi la pili akamfunga na zile pia. Na Minza, aliyekuwa amemwona mwanawe kwa macho yake baada ya miaka sita, akalaza kichwa, akafumba macho, akasema moyoni kwamba amemaliza.

Tumbo nalo likatulia. Uchungu ukakatika kabisa. Leokadia alikuwa ameweka mikono yake juu ya tumbo lile tangu Kulwa alipotoka, na chini ya mikono hiyo akamsikia Doto, aliyepata nafasi kubwa ghafla, akijigeuza na kulala upande. Akaita daktari. Daktari akaja upesi, akaagiza chumba cha upasuaji kiwe tayari, kisha akaanza kumgeuza mtoto taratibu kutoka nje. Dakika kumi zikapita. Nje vigelegele vilikuwa vinaendelea, ndani mikono ya daktari ilikuwa bado kazini. Kwenye kifaa cha kusikilizia, moyo wa Doto ulikuwa bado unadunda vizuri, ila mama yake alikuwa mbali naye, analala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Daktari akaweza, kichwa kikashuka. Dripu ikaongezwa, uchungu ukarudi. Lakini Minza alipoambiwa asukume alitikisa kichwa. Alisema hana nguvu zilizobaki, alizitoa zote kwa Kulwa, basi wamchukue tu wakampasue. Wala hakusema uongo. Daktari akamtazama mkunga, na mkunga akainama mpaka sikioni pa Minza.

"Mwanangu, na huyu naye hana mama mwingine."

Minza akafumbua macho. Aibu ilimshika kwanza, na baada ya aibu hofu, na baada ya hofu kikaja kitu ambacho hakuwa nacho hata asubuhi. Hakutafuta mabaki ya nguvu za Kulwa, maana hayakuwepo. Alishika pande mbili za kitanda, akamwita mtoto kwa jina lake, akaanza kazi upya tangu mwanzo, kazi ambayo hakuiandika popote. Akasukuma, akapumzika alipoambiwa apumzike, akasukuma tena. Na kabla ya saa tano Doto akatoka, mtoto wa kiume, akanyamaza kidogo kama anayeuliza amefika kwa nani, halafu akalia kwa nguvu zake zote.

Nyanzobe akanyoosha mkono kwenye furushi, akalikuta tupu. Ikabidi Kulwa afunguliwe khanga ambazo hazikuwa zake, na Kulwa hakulia wala hakuona baridi. Nje kulikuwa kimya. Mawifi walikuwa wameshaondoka kwenda kupika, na kigelegele kilikuwa kimeisha chote kwa mtoto mmoja. Basi Minza mwenyewe, akiwa bado kitandani, jasho likimtiririka na watoto wawili kifuani, akakusanya pumzi akapiga kigelegele. Kilikuwa kibaya, kimepasuka katikati. Leokadia anasema katika miaka yake yote ya ukunga hajapata kusikia kizuri zaidi.

Siku ya tatu, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, Minza aliomba kalamu. Alifungua ukurasa wa pili, akalikata neno lile lililopigiwa mstari, akaandika mpaka karatasi ikaisha.

Nanyi mnaonisikiliza, mlioshangilia mlichopewa kwanza mpaka sauti zikakauka: ni nani kwenu bado yuko njiani, na kwenye ukurasa wake mmeandika vilevile?