Karani Aliyesema Hayupo

Wapendwa, mimi na kompyuta ni watu wa kusalimiana kwa mbali. Lakini leo twende hospitali tukaitazame moja.

Hospitali hiyo ilikuwa na kompyuta kubwa, seva ya Linux, ndivyo mafundi wanavyoiita. Humo yalitunzwa majibu yote ya maabara. Muuguzi akitaka kuingia, seva huuliza kwanza kompyuta nyingine inayotunza majina ya wafanyakazi, "Huyu yupo kwenu?" Hiyo ya pili tuiite karani. Karani akisema yupo, mlango unafunguka.

Asubuhi moja mlango ukagoma. Wodini kuna mama amejifungua, damu inamtoka, na kundi lake la damu limo ndani ya seva. Muuguzi anaandika jina lake mwenyewe, anangoja. Anaandika tena, anangoja. Akamfuata fundi.

"Fundi, mama wa watu anakwisha kule. Nifungulie."

"Sista, tatizo ni karani. Anaifurikisha seva kwa jumbe mpaka haipumui. Ngoja nimzime."

"Ukimzima, mimi nitaingiaje?"

Fundi akaacha kulaumu, akainama kuzisoma zile jumbe. Mnadhani karani alikuwa anasema nini muda wote huo? Neno moja tu. Hayupo. Hayupo. Hayupo.

"Nani hayupo?" sista akauliza.

"Mzee wa duka la dawa."

"Si alistaafu zamani? Tulimuaga hapa, tukala na pilau."

Naam. Kwa karani jina lake walilifuta. Lakini ndani ya seva, ile kazi yake ya kuhesabu dawa, ambayo kompyuta huifanya yenyewe, waliiacha iendelee kwa jina lake, maana kila mtu aliona haya kuigusa kazi ya mzee wa watu. Basi seva ikiikuta inauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Karani anajibu, "Hayupo." Na hapa ndipo ninaposhangaa mimi: seva ile ilifundishwa kukumbuka jibu la yupo peke yake. La hayupo haikuliweka popote, kwa hiyo inauliza tena palepale. Karani wa watu alikuwa anajibu alichoulizwa.

Fundi akaisimamisha ile kazi, akaifundisha seva kushika na hayupo. Kukatulia. Sista akaingia, akasoma kundi la damu, akatoka mbio. Yule mama alipona, lakini nusura afe.

Tuje kwetu sasa. Sisi Mungu akisema ndiyo, tunatoa ushuhuda na sare tunashona. Akisema hapana, tunasema hajajibu. Sisemi tuache kuomba. Nasema yako mambo umeshajibiwa, na mwenyewe unajua. Mume alikwenda, akaoa kwingine, akajenga, na bado kila asubuhi unamuuliza Mungu yuko wapi. Mwingine alimzika ndugu yake, na mpaka leo sahani yake anaiandaa. Inauma, siwachezei. Lakini mbona tunalalamika kwamba mbingu zimetuelemea, na wanaouliza ni sisi?

Yule mama alikuwa anavuja damu nyuma ya swali lililokwisha kujibiwa. Nyumbani kwako, ndugu yangu, ni nani anayengoja hapo nyuma?