Mkono wa Bi Kidawa

Hapo zamani, katika mji wenye mafundi wengi kuliko kazi, Mafunda alifiwa na mama yake, Bi Kidawa, msukaji wa mikeka. Kabla ya kufa, bibi huyo alikandamiza kiganja chake kwenye udongo mbichi, udongo ukachomwa, ukawa kalibu ya kumiminia. Kovu lake la moto lilikuwamo. Sugu za kusuka ukili zilikuwamo. Mafunda alitaka humo imiminwe sandarusi, utomvu wa mti ulioyeyushwa, apate mkono wa mama wa kuushika. Nafasi ilikuwa moja tu, maana mkono hautoki mpaka kalibu ivunjwe.

Akamwita Fundi Mbarouk. Mbarouk akaisafisha kalibu, akaipaka mafuta kidogo sana ili sandarusi isinate kwenye udongo, akajifuta mikono, akaenda zake bila kusema neno. Kwake yeye, kueleza kazi ni mambo ya wanaojifunza.

Kimya kile kilimtia Mafunda wasiwasi. Akamwita Fundi Vuai. Vuai akaitazama kalibu, akaguna.

"Kaiandaa nani hii? Mbarouk? Basi!"

Hakuona kosa hata moja, lakini hakutembea mtaa mzima ili aje kumsifu Mbarouk. Akapaka mafuta.

Wasiwasi ukazidi. Akamwita Fundi Foum, mmiminaji. Foum akaikuta kalibu inameremeta.

"Imeshapakwa," akasema, "ila sijapaka mimi."

Akapaka.

Foum alipokwenda kuyeyusha sandarusi, Mafunda alibaki peke yake. Akakumbuka alivyokuwa akimkanda mama yake mikono. Akachovya kidole kwenye mafuta, naye akapaka, taratibu, kidole baada ya kidole, huku akilia.

Sandarusi ikamiminwa, ikapoa, kalibu ikavunjwa. Ukatoka mkono laini kama mwiko mpya. Kovu hakuna, sugu hakuna, mafuta yalishajaa kwenye kila alama. Mkono ule ungeweza kuwa wa yeyote, hata wa Foum. Mafunda akahisi amefiwa mara ya pili.

Akawashtaki mafundi kwa Sheha wa mji, naye Sheha akakata shauri: mkono utundikwe mlangoni kwa mwenye kosa, kila mteja auone.

"Mimi nilipaka inavyotakiwa," akasema Mbarouk. "Au nilipaswa kulala na kalibu?"

"Angesema amepaka, ningepaka?" akasema Vuai.

"Mimi nilikuta yameshazidi," akasema Foum. "Yaliyozidi yakizidi tena, kuna tofauti gani?"

Kisha wote watatu, kwa mara ya kwanza, wakaafikiana: "Na aliyemwita fundi juu ya fundi ni nani?"

Sheha akamgeukia Mafunda. "Mwanangu, wewe uliigusa kalibu?"

Mafunda akautazama mkono ule laini.

"Mimi si fundi, Sheha."

Basi nyundo ipo, msumari upo, na milango ni minne. Haya, nyinyi mliomwona Mafunda akichovya kidole: mkono wa Bi Kidawa utundikwe kwa nani?